Kutoa damu kwa poti ya kifuani bila kupigana nayo

Poti haikutengenezwa kwa kazi hii. Naanzia hapo kwa sababu makosa mengi niliyoyaona kitengoni, na mengine ya mkono wangu mwenyewe, chanzo chake ni kulisahau hilo. Poti, kichemba kilichopandikizwa chini ya ngozi ya kifua chenye mrija unaoingia kwenye mshipa mkubwa, ni njia ya kupelekea vitu ndani: dawa za saratani, antibiotiki, damu ya kuongezewa. Vyote hivyo vinasukumwa, na ukisukuma kwa utulivu vinafika. Sisi tunaitaka kinyume chake: itoe, tena itoe mililita 300, 400, hata 500 kwa mkao mmoja. Inaweza. Ila itakupa kwa kasi yake, si yako.

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha wagonjwa wa kutwa, mwaka wa 11 sasa. Ninayoyaeleza hapa ni ya muuguzi aliyekwisha kufundishwa kuchoma poti, mwenye agizo la daktari mkononi, ila hajawahi kuitolea damu nyingi. Mgonjwa naye asome, ajue anafanyiwa nini na aulize akiona kitu kimerukwa. Nyumbani asijaribu: mwisho wa mrija ule uko mlangoni mwa moyo, na hewa au vijidudu vikishapita hapo hakuna pa kuvizuia. Na pale mwongozo wa hospitali yako unapotofautiana na mazoea yangu, fuata mwongozo.

Nani anatolewa damu, na kwa nini kwa poti

Siku hizi damu hutolewa kama tiba kwa watu wa aina chache tu. Wapo wenye polisithemia vera, ambao uboho wao hutengeneza chembe nyekundu kupita kiasi mpaka damu inakuwa nzito. Hao tunawatoa ili hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikae chini ya asilimia 45. Wapo wenye hemokromatosisi, waliozaliwa na mwili unaonyonya chuma bila kujua kushiba. Na wapo waliolimbikiza chuma kwa kuongezewa damu mara nyingi. Hawa wa mwisho ndio ninaowatolea zaidi kwa poti, kwa sababu nyepesi kabisa: poti wanayo tayari.

Chukua mfano wa binti mmoja ninayemhudumia. Alipata saratani ya damu, akatibiwa, akapandikizwa uboho, akapona. Katika safari ile aliongezewa damu mifuko 30 na ushee. Kila mfuko ulimwachia chuma kati ya miligramu 200 na 250, na mwili hauna njia ya kukitoa. Hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Chuma kilichobaki kinakwenda kukaa kwenye ini, kwenye moyo, kwenye tezi. Sasa kilichoingia mfuko kwa mfuko kinatoka kidogo kidogo, kwa mlango uleule kilioingilia.

Ana kilo 50. Daktari ameagiza mililita 6 kwa kila kilo, kila baada ya wiki mbili, yaani mililita 300. Siku moja aliniuliza itachukua muda gani, nikamfanyia hesabu nyuma ya karatasi ya vipimo. Gramu moja ya hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu, hubeba chuma miligramu 3.4 hivi. Hemoglobini yake ni 12, yaani gramu 12 kwa kila mililita 100 za damu, kwa hiyo katika mililita 300 mna gramu 36, na ndani yake chuma miligramu 122. Maana yake kila mfuko aliowahi kuongezewa unamdai safari mbili za kuja kwetu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe damu za watu nilikopa, Dada, na sasa nalipa na riba."

Kwa asiye na poti, msimamo wangu ni huu: mishipa ya mikono kwanza, ya pili, na ya tatu. Mweke kitambaa cha moto mkononi dakika 10, mnyweshe maji tangu asubuhi, tafuta mshipa kwa altrasaundi kama mnayo, tumia sindano ndogo zaidi na ukubali kwenda taratibu, au mwombe daktari agawe dozi, nusu leo na nusu wiki ijayo. Kuna pia mashine zinazochuja chembe nyekundu peke yake. Kumpandikizia mtu poti kifuani ili kumtolea damu ni hatua ya mwisho, hasa kwa mwenye polisithemia. Damu yake tayari ina tabia ya kuganda ovyo, halafu unamwekea mrija wa kudumu ndani ya mshipa mkubwa. Nimeona madaktari wawili wakibishana juu ya hilo kwa nusu saa, na kila mmoja alikuwa na hoja.

Kwa nini inatoka taratibu

Ukiielewa poti kwa ndani hutaikasirikia. Chini ya ngozi ya kifua kuna chemba ndogo ya titani au plastiki, upana wake kama sarafu, imefunikwa juu kwa kizibo kinene cha silikoni. Kutoka ubavuni mwake unatoka mrija mwembamba unaoingia kwenye mshipa wa shingo au wa chini ya mtulinga, ukashuka mpaka mshipa mkuu wa juu unapokutana na moyo.

Wagonjwa wakisikia neno moyo hushtuka. Huwa nawasimulia habari za Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, ambaye mwaka 1929 alijipitishia mrija wa mkojo kutoka mshipa wa mkono mpaka moyoni, kisha akaenda kwa miguu yake chumba cha eksirei kupigwa picha ya ushahidi. Mwaka 1956 akapewa tuzo ya Nobel. Wengi hucheka na mabega yakashuka, na mabega yakishuka poti inashikika vizuri zaidi.

Sasa sindano. Kizibo kile hakichomwi kwa sindano ya kawaida, maana hiyo hukata kipande cha silikoni kama mtu anayetoboa tundu la mkanda, na siku si nyingi kizibo kinavuja. Tunatumia sindano ya Huber, iliyopewa jina la Ralph Huber, daktari wa meno wa Seattle. Ncha yake imepindishwa kidogo, hivyo inaipisha silikoni pembeni badala ya kuikata, na ukiichomoa silikoni inajifunga. Ndiyo maana poti moja huweza kuchomwa mara 1,000 na zaidi.

Tatizo ni wembamba wake. Mtu anayetolewa damu mkononi huchomwa kwa geji 16 au 17 (namba ya geji ikipanda, sindano inakuwa nyembamba). Kwenye poti, kubwa tunayoipata kwa kawaida ni geji 19. Nyingi ni 20 na 22. Tundu la geji 20 ni kama nusu ya upana wa lile la geji 16, na nusu hapo inadanganya. Upana wa tundu ukipungua kwa nusu, kinachopita hakipungui kwa nusu, kinashuka mpaka sehemu 1 ya 16. Ongeza na uzito wa damu yenyewe kwa mgonjwa wa polisithemia, halafu uning'inize mfuko chini ukisubiri mvuto wa ardhi ukufanyie kazi. Utasubiri sana, na damu iliyosimama ndani ya mrija inaanza kuganda.

Kwa hiyo kwenye poti ya kawaida damu inavutwa kwa mkono, kwa sirinji. Zipo poti zilizoundwa mahususi kwa damu nyingi, zenye njia pana na aina yake ya sindano; ukikutana nayo soma kadi ya mgonjwa, usiichome kwa mazoea ya hizi nyingine. Kadi ile ya poti iombe kila mara, hata kwa mgonjwa unayemjua.

Kabla hujagusa kitu

Hakikisha agizo limeandikwa kiasi cha damu, lengo linalotafutwa, na kiwango cha hemoglobini ambacho hutakiwi kutoa chini yake. Kwetu ikishuka chini ya 11 hatutoi, tunampigia daktari. Kipimo kiwe cha karibuni, si cha mwezi uliopita. Pima shinikizo la damu, mapigo na joto. Akiwa na homa, acha sindano mezani. Homa kwa mtu mwenye poti inatuhumiwa kutoka kwenye poti mpaka ithibitike vinginevyo.

Iangalie poti yenyewe kwa macho kabla ya vidole. Wekundu, uvimbe, ngozi iliyokonda mpaka poti inataka kuchungulia, usaha. Angalia na mkono wa upande ule na shingo: mkono umevimba kuliko mwenzake? Mishipa ya kifuani imetutumka? Hiyo huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kazi ya siku hiyo inageuka kuwa nyingine.

Muulize amekula na amekunywa nini. Aliyekuja tumboni mtupu mimi simtoi, namtuma akale kwanza, hata akilalamika kwamba ana haraka. Kama anaogopa mchomo, krimu ya ganzi inataka angalau nusu saa, mara nyingi saa nzima, ndipo ifanye kazi. Ukiipaka na kuchoma palepale umempaka mafuta tu.

Vifaa ninavyopanga: sindano ya Huber geji 19, ya urefu unaolingana na unene wa nyama juu ya poti (milimita 19 au 25 kwa wengi), koki ya njia tatu, sirinji za mililita 50, au za 20 kwa poti ninayoijua kuwa mbishi, sirinji za mililita 10 zenye maji ya chumvi, nyingi kuliko unazodhani utahitaji, mfuko wa damu wenye mdomo wa kuungana na koki, mizani ndogo, heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) kama imeagizwa, klorheksidini yenye spiriti, glavu tasa na barakoa mbili, yako na yake. Sirinji ndogo kuliko ya mililita 10 isikaribie poti wakati wa kusukuma. Kidole kilekile kwenye sirinji nyembamba huzaa mgandamizo mkubwa mno, na mrija unaweza kupasuka.

Kuchoma

Mlaze nusu, kichwa kimeinuka kidogo. Sugua ngozi kwa klorheksidini sekunde 30, kwenda na kurudi, halafu iache ikauke yenyewe. Usiipepee wala usiifute. Kukauka ndiko kunakoua vijidudu, na ni hatua ambayo mtu mwenye wagonjwa wanane mlangoni huiruka bila kujijua.

Vaa glavu tasa. Kwa mkono usio na sindano, izungushie poti vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, kama unayeshika punje ya kunde isikuponyoke. Katikati ya vidole hivyo utasikia kizibo kikibonyea kidogo. Mwambie avute pumzi, kisha shusha sindano wima, moja kwa moja, bila kusitasita. Utapita ngozi, utakuta ukinzani wa silikoni ulio kama kifutio cha penseli, halafu ncha itagonga sakafu ya chemba. Kugonga kule kunasikika kidoleni zaidi kuliko sikioni. Ukigonga, simama, ukizidi kubonyeza unaipinda ncha, nayo itachana kizibo wakati wa kuchomoa.

Tundu la ncha lielekeze upande ulio kinyume na unakotoka mrija. Maji yanayotoka hapo huizunguka chemba yote kabla ya kuingia mrijani, yakafagia masalia ya damu pembeni.

Sasa vuta. Damu ikija, nyekundu iliyoiva na bila mapovu, sukuma maji ya chumvi mililita 10 na umwangalie usoni. Akikunja uso, au ngozi ikianza kuumuka karibu na sindano, acha. Damu isipokuja, usianze kutoa kwa matumaini kwamba itafunguka mbele ya safari. Nitalirudia hili.

Kuvuta, na hapa ndipo penye kazi

Koki ina njia tatu: mgonjwa, sirinji, mfuko. Sheria yangu ni kwamba njia ya mgonjwa na ya mfuko hazifunguliwi kwa pamoja hata sekunde moja. Mifuko mingi ina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo haina biashara kifuani mwa mtu. Mfuko uwe chini ya usawa wa kitanda wakati wote.

Fungua kwa mgonjwa, vuta sirinji. Geuza, sukuma kwenye mfuko. Geuza, vuta tena. Mfuko utikisetikise taratibu ili damu ichanganyike na dawa.

Namna ya kuvuta ndiyo inayotofautisha. Pistoni iifuate damu, isiikimbie. Ukiona nafasi tupu inajitengeneza kati ya damu na pistoni, umekwenda mbio. Legeza mkono mpaka damu iifikie, kisha endelea. Mrija ule ni laini. Ukiuvuta kwa nguvu kuta zake hujikunja, au ncha yake inanyonya ukuta wa mshipa kama mdomo unavyobana mrija wa soda, na hapo nguvu zaidi inazidi kuufunga.

Nilijifunza kwa aibu. Mahali nilipofanya kazi zamani tulikuwa na chupa za vakyumu, zile zinazonyonya zenyewe. Nikaunganisha moja kwenye poti ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu mwenye polisithemia, nikafungua kibano chote. Damu ikaruka chupani kwa kishindo, sekunde chache, kisha ikakatika kabisa. Nikabadilisha chupa. Ikakatika tena. Nikaanza kusema poti imeziba. Muuguzi mkubwa akaja, akafunga kibano, akatoa chupa, akasukuma maji mililita 10, akavuta kwa vidole viwili kama mtu anayechomoa uzi kwenye kitambaa cha hariri. Damu ikaja. "Unamnyonya mzee wa watu kama mbu," akaniambia. Chupa zile naambiwa wapo wanaozitumia vizuri kwa kibano kilichofunguliwa nusu. Mimi sijazirudia.

Mwalimu tulihama naye, akaja kitengo chetu cha sasa. Agizo lake ni mililita 450, yaani sirinji 9 za 50, na anazihesabu kwa sauti. Kila ya tatu hubadilisha lugha. Hesabu yake imeniokoa zaidi ya mara moja, kwa hiyo nawe tafuta namna: alama kwenye karatasi, sirinji tupu zilizopangwa, lolote. Mizani iwe shahidi wa pili. Mililita 1 ya damu ina uzito wa gramu 1.06 hivi, kwa hiyo mililita 450 ni gramu 477 bila uzito wa mfuko na dawa yake. Pima mfuko mtupu kabla ya kuanza. Watu husahau, kisha wanakisia. Na damu ile ya kwanza uliyoivuta kujaribu, ukiitupa, ihesabu pia, imetoka kwake vilevile.

Damu ikianza kuzembea, sukuma maji ya chumvi mililita 10 kabla haijasimama. Kwa damu nzito sisubiri izembee: kila baada ya sirinji mbili napitisha maji. Dakika 40 kwa jumla ni kawaida. Mkono utachoka, ubadilishe, au mwite mwenzako.

Usiondoke. Nasema kama mtu aliyeondoka. Simu ya mezani ililia, nikaweka sirinji begani mwa kitanda, damu ikiwa imesimama mrijani bila maji kupitishwa, nikasema dakika moja. Zilikuwa nne au tano. Niliporudi haikuvutika wala haikusukumika.

Isipotoa

Kuna aina mbili za ubishi. Ya kwanza inapokea lakini hairudishi: maji yanaingia vizuri, damu haiji. Mara nyingi ni utando wa faibrini, nyuzi za damu inayoganda, uliojitengeneza kwenye ncha ya mrija. Ukisukuma unapisha, ukivuta unafunika, kama pazia la dirishani upepo ukibadilika. Au ncha imeegemea ukuta wa mshipa. Jaribu kwa mpangilio huu, bila kukimbilia dawa: ageuze kichwa upande mwingine, ainue mkono wa upande wa poti juu ya kichwa, akohoe, avute pumzi ndefu aishike, mlaze chali kabisa, kisha mkalishe, alale ubavu. Kati ya kila jaribio sukuma maji kidogo na uvute kidogo. Kama haijakubali, huenda sindano haijakaa katikati au ni fupi. Ichomoe, chukua mpya na uanze upya usafi wote.

Yule binti wa chuma, poti yake iko kulia, nayo hutoa akiweka mkono wa kushoto kisogoni na kumtazama mtu aliye dirishani. Tuligundua kwa bahati, alipogeuka kuona nani anaita.

Poti inayotoa akiinua mkono wa upande wake tu na kukataa akiushusha inastahili kutazamwa kwa eksirei. Mrija unaweza kuwa unabanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, na mrija unaobanwa siku moja hukatika. Mwambie daktari siku hiyohiyo, usiufanye mkao huo kuwa desturi.

Aina ya pili haipokei wala haitoi. Hapo usisukume kwa nguvu, hata kidogo. Hii ndiyo niliyoisababisha mimi kwa simu yangu. Daktari aliagiza alteplasi, dawa ya kuyeyusha donge, miligramu 2 ndani ya mililita 2, ikaingizwa kwa upole na kuachwa. Baada ya dakika 30 tukavuta, hakuna. Tukasubiri hadi dakika 120, ikafunguka, tukavuta mililita chache za kwanza na kuzitupa. Kama isingefunguka, dozi ya pili inaruhusiwa, na baada ya hapo ni picha ya mrija kwa rangi. Mwalimu alikaa saa zote hizo bila kunilaumu, akasahihisha mafumbo ya gazeti. Ningependa angenilaumu.

Mgonjwa anapobadilika

Uso ukipauka, miayo mfululizo, jasho la ghafla kwenye paji, "naona kama giza": acha kuvuta, funga koki, shusha kichwa na inua miguu. Hapa poti inatupa zawadi ambayo mkono hautupi. Njia ya kurudishia maji iko wazi tayari. Kama agizo lipo, mililita 250 za maji ya chumvi zinapita palepale. Kwa wazee wenye moyo dhaifu tunazipitisha taratibu, na wengine tunawarudishia huku tunatoa, kidogo kidogo, bila kungoja wazirai.

Kupumua kwa shida ghafla na maumivu ya kifua wakati mahali fulani pamefunguka, koki au kiungio, fikiria hewa imeingia mshipani: ziba, mlaze ubavu wa kushoto kichwa chini, oksijeni, ita msaada. Haijanitokea. Ndiyo maana kila kiungio nakikaza kwa kuzungusha na kila sirinji naibadilisha kibano kikiwa kimefungwa.

Kufunga

Damu iliyobaki ndani ya chemba ndiyo itakayokusumbua safari ijayo, kwa hiyo hapa usiwe na haraka ya kwenda chai. Maji ya chumvi mililita 20, kwa vipigo: sukuma kidogo, simama, sukuma, simama. Mtiririko wa mfululizo hupita katikati na kuacha pembe za chemba na damu yake; vipigo vinakoroga.

Kisha heparini kama mwongozo wenu unaitaka, kwetu ni mililita 5 za uniti 100 kwa mililita. Hospitali nyingine zimeiacha na kutosheka na maji. Muulize kama mwili wake umewahi kuikataa heparini au chembe sahani zake, zile za kugandisha damu, ziliwahi kushuka kwa ajili ya dawa hiyo. Mililita ya mwisho ikiwa bado inaingia, funga kibano huku unasukuma, damu isipate nafasi ya kurudi ndani ya ncha. Shika poti kwa vidole viwili, chomoa sindano wima, funika ncha yake papo hapo. Michomo mingi ya bahati mbaya hutokea hapa, kwa sababu silikoni huishika sindano kisha inaiachia ghafla na mkono unaruka.

Akae dakika 15, anywe, apimwe shinikizo akiwa amekaa na tena akiwa amesimama. Damu inakwenda kwenye taka za maambukizi, mfuko umefungwa. Mwambie: homa au kutetemeka jioni hiyo au kesho yake, hasa kutetemeka kulikoanza baada ya poti kupitishiwa maji, aje bila kusubiri asubuhi. Mwenye polisithemia akiambiwa mahali pengine kwamba ana upungufu wa chuma, asinywe vidonge vya chuma kabla ya kuongea na daktari wake wa damu. Upungufu ule tumeutafuta wenyewe.

Na mgonjwa akifika hatua ya kutolewa mara tatu au nne tu kwa mwaka, poti bado inahitaji kupitishiwa maji katikati, kila wiki 4 hadi 8 kwetu. Hapo ndipo ninapomuuliza daktari mbele ya mgonjwa kama bado tunaihitaji. Mishipa ya mikono iliyopumzika mwaka mzima mara nyingi imerudi.

Mwisho andika kwenye faili, na usiandike "imetoka vizuri" peke yake. Andika kitakachomsaidia atakayeshika zamu usipokuwepo. Kwenye faili la yule binti nimeandika hivi: Poti kulia. Huber geji 19, milimita 19. Sirinji za 20, mkono mwepesi. Isipotoa, mkono wa kushoto kisogoni, atazame dirishani. Mililita 300, sirinji 15, gramu 318 bila mfuko. Hapendi kuambiwa "pole" wakati wa kuchomwa, mhesabie mpaka tatu na uchome kwenye tatu kweli.